Wenye Nyumba Wasio na Waume

Husemwa siku hizi, tena kwa mshangao, kwamba wanawake wasio na waume wananunua viwanja na kujenga, kana kwamba jambo hili limezaliwa pamoja na mikopo ya benki na mishahara ya ofisini. Walakini mtu aliyekaa katika miji ya pwani yetu, akasikiliza jinsi watu wanavyoelekezana njia, kwamba pita uchochoro wa kwa Bi Fulani, kisha ukate kwa Bi Fulani mwingine, hatashangaa hata kidogo.

Sheria ya Kiislamu humpa mwanamke fungu lake katika mirathi na humwachia mali yake mikononi mwake, ameolewa au hakuolewa, akauza, akanunua, akaweka rehani apendavyo. Kwa Waingereza, waliokuja kututawala kwa madai ya kutustaarabisha, mke wa mtu hakupata haki kamili ya kumiliki mali kwa jina lake ila kwa sheria ya mwaka 1882.

Hata hivyo haki ni moja na uwezo ni mwingine, na aliyeifaidi haki hiyo zamani alikuwa aghalabu binti wa waungwana. Mjakazi hakuwa na fungu, kwani yeye mwenyewe alikuwa fungu katika urithi wa watu. Utumwa ulipobatilishwa kisheria Unguja mwaka 1897, na masuria wakaachwa nje ya amri ile hata mwaka 1909, wengi wa walioachwa huru walivuka hori lililoutenga Mji Mkongwe, wakasimamisha huko Ng'ambo nyumba za miti, udongo na makuti; na mwanamke aliyejikusanyia vipesa kwa kuuza vitumbua au kufua nguo za watu aliweza kukaa chumba kimoja, akapangisha vilivyobaki, akala ijara yake bila ya kumwomba mtu. Ila nyumba ilikuwa yake na kiwanja si chake: ardhi ilikuwa ya tajiri au ya wakfu, na kodi ya ardhi hiyo ilipozidi kupandishwa, watu wa Ng'ambo, wake kwa waume, waligoma kuilipa mwaka 1928, hata serikali ikalazimika kuiwekea mpaka.

Nairobi, mji ulioota kando ya reli mwaka 1899, ulikuwa na kisa chake. Katika vitongoji vya Pangani na Pumwani walikusanyika wanawake waliokimbia ndoa, njaa au wazazi wao, wakaishi kwa kupika pombe na kwa biashara ile ambayo watu wenye haya hawaitaji jina, nami sitajifanya siijui: umalaya. Wataalamu Janet Bujra na Luise White, waliowasikiliza wazee wa mitaa hiyo, wameonyesha kwamba fedha ile haikuteketea kwa anasa peke yake, bali iligeuzwa kuta na paa. Na Pumwani, kabla ya uhuru, ilifika wakati ambapo wenye nyumba wapatao wawili katika kila watano walikuwa wanawake.

Wengi wao walisilimu, na sitii shaka imani yao. Lakini katika kusilimu mlikuwamo pia hifadhi ya mali, kwa kuwa Uislamu haumpi asiye Mwislamu urithi wa Mwislamu, basi mjomba au kaka wa bara, aliyemfukuza binti kwa aibu, hakuwa na njia ya kisheria ya kuja kuirithi nyumba yake. Mtoto wa kulea naye harithi kwa sheria hiyo, ila hiba ya uhai au wasia wa thuluthi humfikia, na kwa milango hiyo nyumba iliweza kutoka kwa mwanamke asiyezaa ikaenda kwa binti aliyemlea au shoga aliyemuuguza. Mwanamke mmoja, bila mume wala ukoo, akawa ndiye shina la ukoo.

Serikali ya kikoloni haikupendezwa na mashina ya namna hiyo. Pangani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenye nyumba wakahamishiwa Shauri Moyo, katika majumba ya manispaa ambamo waliruhusiwa kukaa na kupangisha maisha yao yote, lakini si kurithisha; akifa mwanamke, na nyumba imekufa naye.

Kwa hiyo ninapomwona mwalimu au muuguzi wa Dar es Salaam, asiye na mume wala haja ya kueleza kwa nini, akinunua saruji kidogo kidogo na kupandisha ukuta mwaka hata mwaka huko Kigamboni, silioni jipya katika tofali zake. Ardhi ya Tanzania bado ni ya umma, chini ya Rais, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inayomlinganisha mwanamke na mwanamume katika kuipata, haikuliondoa hilo. Hati aliyoifungia kabatini inampa umiliki wa muda tu. Lakini muda huo unaweza kufika miaka 99, naye ana uhuru wa kuandika jina la atakayeushika baada yake.