Tovuti ya darasa imekufa, historia inasemaje?

Nilipotea kidogo, majaribio yalinibana. Leo nina jambo refu, nivumilieni.

Mnaikumbuka ile tovuti ya darasa tuliyokuwa tunawekea madesa na mitihani iliyopita? Imekufa, tena siku tisa kabla ya UE! Kaka aliyeijenga alihitimu akaondoka na neno la siri, malipo ya seva yakapita tarehe, kila kitu kikafutwa. Mitihani yenyewe tulikuwa nayo kwenye flashi, lakini yale majibu tuliyokuwa tunasahihishana yalikaa ndani ya databesi, na hakuna aliyekuwa na nakala. Jamaa zangu wawili wana sapu sasa hivi. Siwezi kusema sababu ni tovuti, ila najua walikuwa wanaitegemea.

Sasa nimepewa kazi ya kujenga nyingine. Kila mtu ananishauri chombo chake. Nikasema ngoja kwanza niangalie tumefikaje hapa.

Tim Berners-Lee aliandika pendekezo lake pale CERN, Uswisi, mwaka 1989. Tovuti ya kwanza haikuwa na databesi. Ilikuwa mafaili ya maandishi yenye lebo chache za HTML, basi. CERN waliirudisha hewani mwaka 2013 kwa kutumia nakala ya 1992, na nimeifungua juzi kwa simu yangu ya kichina. Imefunguka fasta! Kazi ya zaidi ya miaka 30 inasomeka bila kubembelezwa.

Shida ilikuwa kuandika. Kila ukitaka kuongeza habari, unahariri faili, unalipandisha kwenye seva, unarekebisha viungo kwa mkono. Hapo ndipo ilipoingia Blogger mwaka 1999. Unaandika kwenye kisanduku, yenyewe inatengeneza kurasa na kuzituma kwenye seva yako. Mwaka 2001 mtu na mkewe, Ben na Mena Trott, wakatoa Movable Type, nayo ilikuwa inapika kurasa kabla msomaji hajafika. Ubaya wake, ukibadilisha muundo wa tovuti unasubiri ipike kurasa zote upya. Ukiwa na nyingi, unaweza kwenda kunywa chai ukarudi.

WordPress ikaja mwaka 2003, imetokana na programu ya zamani iliyoitwa b2. Yenyewe haisubirishi, maana inatunza maneno kwenye databesi na kuunda ukurasa pale pale msomaji anapouomba. Halafu mwaka 2004 Movable Type ikabadilisha masharti ya leseni, wengi wakakasirika, wakahamia WordPress iliyokuwa huru na bure.

Kwa lugha ya hapa chuo: kurasa zilizopikwa kabla ni kama desa lililokwisha tolewa kopi, unafika stationery unachukua unaondoka. WordPress ni kama kumwomba mhadhiri aandike upya kila mwanafunzi anapogonga mlango. Anaweza, lakini mhadhiri lazima awepo, awe mzima, na asiibiwe funguo. Ndiyo maana inahitaji kufanyiwa marekebisho ya usalama kila mara.

Mwaka 2008 Tom Preston-Werner akachoka na hayo yote akaandika Jekyll. Unaandika mafaili ya kawaida kwa Markdown, mtindo ambao John Gruber aliutoa mwaka 2004, programu inayageuza kuwa HTML kwenye kompyuta yako, unapandisha. Mwaka huo huo GitHub wakaanza kuhifadhi kurasa za namna hiyo bure. Hugo ikafuata mwaka 2013, nayo inasifika kwa kupika kurasa nyingi kwa muda mfupi sana.

Nilipofika hapo nilikuwa tayari kushangilia Hugo. Dada mmoja wa darasani akaniuliza: "Na wewe ukihitimu, nani ataitumia hiyo?" Nikanyamaza. Yule kaka naye hakuwa mjinga, alichagua chombo ambacho mtu yeyote angeweza kuandikia. WordPress haikushinda kwa bahati.

Nilichojifunza ni kwamba neno "rahisi" lina pande mbili, rahisi kuandika na rahisi kutunza. Watengenezaji wamekuwa wakihama upande mmoja kwenda mwingine tangu mwanzo. Kwa hiyo swali langu la kwanza sasa ni nani atabaki na tovuti wakati mimi sipo.

Uamuzi wangu: tunaanza na HTML tupu. Ukurasa mmoja kwa kila somo, tunaandika kwa mkono, hatuweki chombo cha kupika kurasa mpaka ziwe nyingi kiasi cha kutuchosha. Majibu yaliyosahihishwa yanaandikwa ndani ya ukurasa wenyewe. Folda nzima inakaa kwenye flashi tatu za watu watatu, na wawili kati yao ni wa mwaka wa kwanza. Jumamosi nakaa nao nawafundisha lebo za kuanzia. Neno la siri watakuwa nalo wote.

Haitapendeza sana kwa macho, najua. Lakini seva ikifa tena, tunapandisha folda kwingine jioni hiyo hiyo.

Haya, umeme unachezacheza. Wale wenye sapu, njooni chumbani kesho, nimekusanya majibu ya somo moja kutoka kwenye madaftari ya watu. Tuko pamoja.