Ilimba: chombo cha fundi Hukwe Zawose

Kila tunapopiga muziki wa Wagogo, wapo wasikilizaji wa Pasua na miteremko ya Kilimanjaro wanaotuuliza: ni chombo gani hicho kinachovuma kama nyuki? Ni ilimba.

Ilimba ni sanduku la mbao lililo wazi ndani. Juu yake hupangwa vijiti vya chuma vilivyofuliwa bapa, navyo hupigwa kwa vidole gumba. Fundi akitaka sauti ya juu, hukisukuma kijiti ndani ili sehemu inayolia iwe fupi. Akitaka sauti nzito, hukivuta nje. Mvumo hutokana na vipande vya waya vilivyozungushiwa vijiti, na utando wa buibui uliobandikwa kwenye matundu ya sanduku.

Bingwa wa kazi hii alikuwa Hukwe Zawose wa Dodoma. Miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam. Baadaye akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho sasa ni TaSUBa. Aliunda ilimba kubwa kuliko za wazee wake, akazipiga hadi Ulaya. Alifariki mwaka 2003.

Je, ujuzi wake ulizikwa naye? Hapana. Kwa desturi, kupiga ilimba ilikuwa kazi ya wanaume. Leo binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wanaipiga, na mwaka 2024 walitoa albamu yao, Maisha.

Kama kwenu yupo mzee anayejua kuunda chombo cha asili, mketishe kijana karibu naye sasa, wa kiume au wa kike.