Stadi na bolti: historia iliyojificha chini ya injini ya daladala

Daladala ikipita Mbagala Rangi Tatu huku injini inagonga kwa sauti nzito kila dereva akikanyaga mafuta, fundi hata hafungui boneti. Anasema tu, "Meni hiyo." Anamaanisha beringi kuu, zile zinazoishika krenkishafti ndani ya bloku. Kila beringi inabanwa na kepu, na kila kepu ina bolti mbili. Hiace ya dizeli yenye injini ya 3L ina kepu tano, yaani bolti kumi. Kila mafuta yanapolipuka kwenye silinda, pistoni inasukumwa chini, na bolti hizo ndizo zinazozuia krenkishafti isitoke na kepu zake.

Sasa kuna swali ambalo wapenda magari hawaachi kuliuliza: kwa nini tusitoe bolti tukaweka stadi? Stadi haina kichwa. Ina nyuzi pande zote mbili: upande mmoja unaingia kwenye bloku na kubaki humo, upande wa pili unapokea nati. Wengi wanaiona ni mambo ya kisasa, ya magari ya mashindano, na kweli kampuni ya ARP ya California, iliyoanzishwa 1968, imejipatia jina kwa kuwauzia watu wa mbio. Lakini stadi ni ya zamani sana. Injini za mvuke za karne ya 19 zilijaa stadi na nati, kwa sababu zilitengenezwa zikijulikana kwamba zitafunguliwa mara nyingi. Nati ikiliwa nyuzi unaitupa. Bloku ikiliwa nyuzi utaitupa wapi?

Bolti ilipata nguvu magari yalipoanza kutengenezwa kwa wingi. Ford alipoanzisha mstari wake wa kuunganisha magari mwaka 1913, kila sekunde ikawa hela. Bolti ni kipande kimoja, unaidumbukiza, unaikaza, kazi imeisha. Kiwanda kinaifunga mara moja tu.

Dar es Salaam hesabu ni nyingine. UDA ilianzishwa 1974, na ilipozidiwa na abiria serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi mwaka 1983. Baadaye zikaja Hiace za mtumba, vipanya vyetu, pamoja na injini za mtumba za Gerezani. Injini iliyokwisha kufanya kazi Japani inafunguliwa hapa mara ya pili, ya tatu, ya nne. Mhandisi aliyeichora hakuipangia maisha hayo.

Na kila ikifunguliwa, bolti inazungushwa ndani ya nyuzi za bloku ikiwa imebanwa kwelikweli. Takriban asilimia 90 ya nguvu unayoweka kwenye spana inaliwa na msuguano. Ni kama asilimia 10 tu inayovuta bolti ili ibane kepu. Msuguano huo unaitafuna bloku, na bolti yenyewe inajipinda huku inavutwa. Stadi unaiingiza kwa vidole, halafu nati inazunguka juu yake, chuma kigumu kwa chuma kigumu. Bloku inapumzika.

Basi tubadilishe tu? Hapana, na hapa ndipo watu wanapoharibu injini. Stadi inabana kepu kwa nguvu tofauti na bolti, hasa ukipaka grisi yake maalumu badala ya oili ya kawaida. Kepu ikibanwa tofauti, tundu la beringi linabadilika umbo kidogo. Nafasi ya oili kati ya beringi na krenkishafti huwa kama milimita 0.03 hadi 0.06, chini ya unene wa nywele nyingi, kwa hiyo hiyo "kidogo" inatosha kuunguza beringi. Ndiyo maana baada ya kuweka stadi matundu yote hupimwa kepu zikiwa zimekazwa, na yakipotoka yanachongwa upya kwa mstari mmoja.

Pia angalia nyuzi. Milimita 12 peke yake haitoshi: kuna ya hatua 1.25, ya 1.5 na ya 1.75, na kwa macho zinafanana mno. Ukilazimisha, umeila bloku uliyotaka kuiokoa. Tundu nalo lisafishwe mpaka chini, maana oili iliyobaki humo haina pa kwenda na inaweza kupasua chuma.

Kwa Hiace ya abiria ambayo nyuzi za bloku bado nzima, mimi ningenunua bolti kumi mpya. Bloku iliyofunguliwa mara nne, na mashine ya kuchonga ipo karibu, hiyo ningeiwekea stadi.