Pango la Kolelo na Kitabu Kilichochomwa Dublin

Kabla Kibaha haijawa makao makuu ya Mkoa wa Pwani, na kabla misitu ya Kisarawe haijaanza kugeuzwa mkaa wa jikoni Dar es Salaam, nchi yote hiyo, kutoka vilima vya Pugu hadi bonde la Ruvu, ilikuwa Uzaramo. Wazaramo walimjua Mungu, lakini shauri la mvua na mavuno hawakulipeleka kwake moja kwa moja. Mvua ilipogoma, wazee walichagua wajumbe, wakawafungashia zawadi, wakawatuma kwa miguu kuelekea magharibi hadi milima ya Uluguru. Huko pangoni ndiko alikokaa Kolelo, aliyesimuliwa kuwa nyoka mkubwa, na huko ndiko lilikotoka neno: kosa gani limefunga mvua, na watu wafanye nini ili ardhi ikubali tena kuzaa.

Masimulizi ya Kizaramo yanaeleza kwamba Kolelo alimkamata mwanamke wa ukoo wa Mlali aliyekwenda porini kutafuta chakula, akamwoa, kisha akatangaza kuwa ametumwa na Mungu kuja kutengeneza vilivyoharibika duniani. Tangu hapo ukoo huo ukawa mlinzi wa pango na mfasiri wa sauti yake. Habari hizi zimetufikia kwa kalamu ya Martin Klamroth, mchungaji wa Misheni ya Berlin, ambayo tayari ilikuwa na vituo Kisarawe na Maneromango. Shahidi mkuu wa Kolelo, basi, ni mtu aliyelipwa mshahara ili Kolelo asahauliwe. Inabidi tumshukuru na kumtilia shaka kwa wakati mmoja.

Mbali na pango, kila kitongoji kilikuwa na sehemu zake za kuogopwa: mbuyu wenye uwazi shinani, kichaka kisichoguswa na panga, njia panda. Kinyamkela, pepo wa miti mikubwa, alijengewa kijumba kidogo cha nyasi na kuwekewa chakula. Wageni kutoka Ulaya walipoyaona hayo walikuwa na majina tayari mfukoni, na mojawapo lilikuwa panteizimu, fundisho kwamba Mungu na ulimwengu ni kitu kimoja. Jina hilo lina mwenyewe, au angalau mtu aliyelieneza kuliko wote, na maisha yake yanastahili kusimuliwa kwa urefu kwa sababu yanasaidia kuona kilichotokea Uzaramo mwaka 1905.

John Toland alizaliwa mwaka 1670 katika rasi ya Inishowen, kaskazini mwa Ireland, kwenye familia ya Wakatoliki waliozungumza Kiirishi. Alikuwa mtoto wa nchi iliyotawaliwa: lugha ya nyumbani ilikuwa moja, lugha ya serikali nyingine, na dini ya wanyonge haikuwa dini ya wakubwa. Akiwa na umri wa miaka 16 hivi aliuacha Ukatoliki. Akasoma Glasgow, akapata shahada Edinburgh mwaka 1690, akavuka bahari kwenda Leiden, Uholanzi, kisha akatua Oxford, ambako alijulikana haraka kwa mambo mawili, maktaba na mdomo.

Mwaka 1696 alitoa kitabu *Christianity Not Mysterious*. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuisema na nzito kuimeza: katika Injili hakuna jambo lililo juu ya akili ya binadamu, na yale yanayoitwa mafumbo yaliingizwa na makasisi ili waumini wasiweze kuishi bila wao. Hapo hakuwa amesema Mungu ni ulimwengu. Alikuwa amegusa ugali wa watu. Mwaka uliofuata Toland alikuwa amerudi Dublin, na Septemba 1697 Bunge la Ireland likaamuru kitabu kichomwe hadharani na mnyongaji wa serikali, na mwandishi akamatwe. Aliikimbia nchi yake kabla pingu hazijamfikia.

Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kuhamahama, akiandikia wanasiasa wa Kiingereza vijitabu vya kulipwa, akitafuta mfadhili, akimpoteza, akitafuta mwingine. Mwaka 1701 alikuwa katika msafara wa Waingereza uliokwenda Hanover, na huko Ujerumani akakaribishwa na Sophie Charlotte, malkia wa Prussia, mwanamke aliyependa mabishano ya falsafa kuliko karamu. Kutokana na mazungumzo hayo kilitoka kitabu cha 1704, *Letters to Serena*, ambamo Toland alidai kwamba mwendo ni sifa ya maada yenyewe. Jiwe halingoji kusukumwa na roho kutoka nje. Ndani ya kila kitu mna nguvu ya kwenda. Mwaka 1705 akalitumia neno «panteisti» katika maandishi ya Kiingereza. Mwanahisabati Joseph Raphson alikuwa ameandika jina la fundisho lenyewe kwa Kilatini mwaka 1697, lakini Raphson hakuwa na vurugu za kutosha za kulifanya jina liende mjini.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko wote wawili. Huko Baghdad mwaka 922 al-Hallaj aliuawa baada ya maneno yake ya kujiunganisha na Haki, yaani Mungu, kuwatisha watawala na baadhi ya maulamaa. Ibn Arabi, aliyezaliwa Murcia mwaka 1165 na kufa Damascus mwaka 1240, alifundisha mambo ambayo waliomfuata waliyaita *wahdat al-wujud*, umoja wa kuwepo, na hadi leo wapo masheikh wanaomwita bwana mkubwa na wapo wanaomkufurisha. Wafuasi wake hukataa katakata kuwekwa kapu moja na panteisti, kwa kuwa kwao viumbe havina kuwepo kwa peke yake, na Mungu hamalizwi na viumbe. Giordano Bruno alichomwa Roma Februari 1600. Toland aliyapenda maandishi yake na kuyasambaza. Baruch Spinoza alifukuzwa kwenye jumuiya ya Wayahudi wa Amsterdam mwaka 1656, akiwa na miaka 23, akaishi kwa kusugua lenzi, na kitabu chake kikuu kikachapishwa mwaka 1677 yeye akiwa tayari kaburini. Ndani yake Mungu na maumbile ni majina mawili ya kitu kimoja, na Mungu huyo hasikii dua, hakasiriki, hana taifa teule.

Hapo ndipo Kolelo anapoachana nao. Mungu wa Spinoza hawezi kukatalia mtu mvua kwa sababu ya kosa. Kolelo aliweza, na ndiyo maana alitumiwa wajumbe. Pango la Uluguru lilikuwa na mwenyewe, lilikuwa na njia ya kufikiwa, lilikuwa na kauli. Aliyeiita imani hiyo panteizimu alikuwa ameona miti mingi na kusahau kuuliza nani anausemea kila mti. Wazaramo hawakusema kila kitu ni Mungu. Walisema mahali fulani pana uwezo, na uwezo huo una wapokezi wake.

Toland angechukia sehemu hiyo ya mwisho, kwa vile maisha yake yote aliwinda wapokezi. Lakini tazama alikoishia. Mwaka 1720 alichapisha *Pantheisticon* kwa Kilatini, kwa siri, akiandika kuwa kimechapwa Cosmopolis, mji usiokuwepo. Kitabu hicho kinaeleza chama cha wanafalsafa wanaokutana faraghani, wanakula pamoja, na msimamizi wao anasoma maneno huku wengine wakiitikia, kwa mtindo unaofanana mno na ibada ya kanisa. Wasomaji wengi walidhani ni kejeli. Mimi naona alikuwa na haja nayo kweli: mtu aliyekwishaondoa padri, altare na mbingu bado alihitaji watu wa kukaa nao mezani na kuitikizana. Mwaka huohuo aliandika kwamba wanafalsafa wa kale walikuwa na mafundisho mawili, moja la hadharani na jingine la ndani kwa wanaoaminika. Ulinzi wa siri wa ukoo wa Mlali usingemshangaza.

Fedha yake kidogo iliyeyuka mwaka 1720 biashara ya hisa za Kampuni ya South Sea ilipoporomoka. Alikufa Putney, karibu na London, Machi 1722, maskini na mgonjwa. Alijiandikia mwenyewe maneno ya kaburi, akijisifu kuwa alijua zaidi ya lugha kumi na hakuwa mteja wa mtu yeyote, na akaongeza kuwa atafufuka lakini kamwe hatakuwa tena Toland yuleyule. Hilo la kutokuwa mteja lina chumvi. Alipobanwa alijua kurudi nyuma: mwaka 1702 alichapisha utetezi akijionyesha kuwa muumini mtiifu wa Kanisa la Uingereza. Simlaumu. Waliochoma kitabu wangeweza kumchoma mwandishi, na mwaka ambao kitabu chake kiliungua Dublin, kijana wa miaka 20, Thomas Aikenhead, alikuwa amenyongwa Edinburgh kwa kosa la kukufuru.

Sasa turudi Uzaramo. Wajerumani walianzisha kodi ya kibanda mwaka 1898, na kuanzia mwaka 1902 mashamba ya pamba ya lazima yakaanza katika wilaya ya Dar es Salaam, ambamo Uzaramo ilikuwamo. Watu waliondolewa kwenye mpunga na mtama wao wakalime pamba ya jumbe na akida kwa malipo ya kudharaulika. Mpaka hapo Kolelo alikuwa ni wa mvua, na serikali haikuwa na habari naye. Wamisionari walimwona ushirikina wa kuondolewa taratibu kwa shule na mahubiri.

Mwaka 1905 Kolelo aliingia kwenye kodi. Klamroth anasimulia kwamba habari zilienea Uzaramo kuwa Kolelo amekataza watu kuwalipa wageni weupe; kwamba katikati ya Julai gharika ingewafuta wageni hao na walio pamoja nao; kwamba wengine wangemezwa na ardhi, na risasi zisingetoka kwenye bunduki ila maji. Watoto wake weusi wasiogope. Wakati huohuo, kusini huko Ngarambe, upande wa Rufiji, Kinjikitile Ngwale alikuwa akigawa maji ya dawa tangu mwaka 1904. Ilisimuliwa kwamba alivutwa na pepo, Hongo, hadi kwenye dimbwi, akapotelea ndani, na siku ya pili akatoka nguo zake zikiwa kavu. Bokero, mwenye kuheshimiwa kando ya Rufiji, wanahistoria wanamhusisha na Kolelo wa Uluguru. Kwa hiyo njia zilizokuwa zikipeleka maombi ya mvua ndizo hizohizo zilizobeba habari ya vita. Wapelelezi wa serikali walitafuta jemadari na bohari ya silaha, na wakati wote huo mtandao ulikuwa wa wakulima wanaokwenda kutambika.

Kinjikitile alifanya jambo ambalo nadhani ndilo lililokuwa jipya kuliko yote. Pango la Kolelo lilimlazimu mwombaji asafiri na apitie kwa mlinzi. Maji ya Ngarambe yalisafiri yenyewe, ndani ya chupa na mabuyu, mikononi mwa wajumbe walioitwa hongo, na kabila lolote lingeweza kuyapokea bila kuuliza ukoo. Uwezo uliokuwa wa mahali pamoja ukawa wa kila aliyenyunyiziwa.

Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba Nandete, na vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro, kabla moto haujafika nusu ya nchi uliyokuja kuiunguza. Katika Uzaramo, Kibasila, kiongozi aliyeikataa pamba, naye aliuawa na Wajerumani. Shule moja ya sekondari Temeke ina jina lake. Ilipofika mwaka 1907 hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa watu 75,000 waliokufa, na watafiti wa baadaye wanaitaja idadi iliyo mara tatu au zaidi ya hiyo, wengi wao wakiuawa na njaa iliyotokana na kuchomwa kwa makusudi maghala na mashamba. Baada ya vita Uislamu ulienea upesi Uzaramo. Maji yalikuwa yameshindwa, misheni ilikuwa upande wa washindi, na msikiti haukuwa na deni kwa yeyote kati yao.

Miaka 60 baadaye ugomvi wa majina uliibuka tena, safari hii kati ya wasomi. Placide Tempels, padri Mbelgiji aliyefanya kazi Katanga, alikuwa amechapisha mwaka 1945 kitabu kinachosema Wabantu wote wana falsafa moja ya nguvu iliyomo katika vyote vilivyopo, na wakubwa wake kanisani wakamrudisha Ulaya kwa muda. John Mbiti wa Kenya, mwaka 1969, akasisitiza kwamba Waafrika daima walimjua Mungu mmoja mkuu. Okot p'Bitek wa Uganda akawajia juu wote mwaka 1970: kwa maoni yake, wamisionari na wanafunzi wao waliivalisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki ili ifae kwa mabishano ya Ulaya. Nikipima Uzaramo kwa vipimo vyao, namwelekea Okot, ingawa ukali wake ulimfanya mara nyingine asione kwamba wazee wa Kizaramo wenyewe walimsema Kolelo kuwa mjumbe wa Mungu, na hawakulazimishwa na Mgiriki.

Mwaka 1969 pia Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alichapisha tamthilia *Kinjeketile*. Alibadili herufi mbili za jina na kukiri wazi kwamba mtu wake wa jukwaani si yule wa historia. Kinjeketile wa Hussein ni mtu wa mashaka: neno alilolitoa limekua likamzidi, na yeye mwenyewe anaanza kuuliza limetoka wapi na linamtumikia nani. Mwishoni, akiwa mateka, Wajerumani wanamtaka atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Yeye hana tena hakika na maji. Hata hivyo anakataa, kwa kuwa anajua kukana kwake kutafundishwa kwa watoto kama ushahidi kwamba kupigana lilikuwa kosa.