Kwa Baiskeli kutoka Lushoto hadi Pangani: Historia ya Njia ya Mlima na Bahari

Safari za mapumziko kwa baiskeli katika Milima ya Usambara zilianza kuchukua sura yake ya sasa katikati ya miaka ya 1990, utalii wa kitamaduni ulipoanzishwa Lushoto. Njia zinazopitwa, hata hivyo, ni kongwe. Kabla ya baiskeli zilikanyagwa na wapagazi, wafanyabiashara wa pembe za ndovu, wajumbe wa wafalme na vibarua wa mkonge. Anayeshuka leo kutoka msitu wa Magamba, wenye ukungu na baridi, hadi kwenye minazi ya Pangani anafuata uhusiano wa mlima na bahari wenye umri wa karne kadhaa.

Milima miwili na bahari moja

Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Bonde la Lwengera limeigawa pande mbili. Magharibi kuna Lushoto, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, pamoja na Soni, Bumbuli, Mlalo na Mtae. Mashariki kuna Amani, mahali palipo karibu zaidi na pwani. Upepo wa Bahari ya Hindi huleta unyevu, unyevu ukigonga milima hugeuka ukungu na mvua, na mvua hiyo ndiyo iliyoitunza misitu tangu zama za kale. Ndiyo maana Usambara ina viumbe na mimea isiyopatikana kwingine duniani, wakiwemo vinyonga kadhaa. Ua la urujuani la Usambara, ambalo leo hupandwa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, lilitoka huku. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani na ofisa wa kikoloni, Walter von Saint Paul, na mwaka 1893 likapewa jina la kisayansi la Saintpaulia kwa heshima ya ukoo wake.

Wakilindi na njia ya Pangani

Uhusiano wa kisiasa kati ya mlima na pwani ulistawi chini ya Wakilindi, ukoo wa kifalme ambao masimulizi ya Wasambaa yanasema ulianzishwa na Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu. Habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Katikati ya karne ya 19, Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka Vuga, na nguvu zake zilifika hadi vijiji vya pwani, ambako mamlaka yake yalikutana na yale ya Sultani wa Zanzibar.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika kwa Kimweri mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walipanda kutoka Pangani hadi Vuga kwa miguu. Mwaka 1888 Oscar Baumann na Hans Meyer, wakitoka Usambara, waliangukia mikononi mwa watu wa Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, wakaachiliwa kwa fidia. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani Desemba 1889.

Reli, mkonge na barabara

Utawala wa Wajerumani ulibadilisha njia hizo haraka. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893, na mwaka 1905 reli ilikuwa imefika Mombo, chini ya milima. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge. Kati ya miche 1,000 iliyoagizwa, 62 tu ilifika hai, na hiyo ikawa mama wa mashamba yaliyotandaa kutoka Pangani hadi Korogwe. Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, iligeuzwa mahali pa kukimbilia joto la pwani. Mwaka 1902 ilianzishwa taasisi ya utafiti wa mimea Amani. Tawi dogo la reli lilijengwa kutoka Tengeni hadi Zigi kubebea magogo. Nyumba ya mkuu wa stesheni ya Zigi bado imesimama, na hutumika kuwapokea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani.

Baiskeli yafika

Ulaya ilikuwa na waendesha baiskeli wa matembezi mapema. Chama chao cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1878. Umaarufu ulikuja baada ya baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyo sawa, aliyoitengeneza John Kemp Starley mwaka 1885, na tairi ya upepo ya John Boyd Dunlop ya mwaka 1888.

Tanganyika, baiskeli ilikuwa chombo cha kazi. Raleigh ya Uingereza, kisha Phoenix ya China na Swala iliyotengenezwa Dar es Salaam, zilibeba maji, kuni, mikungu ya ndizi na abiria kwenye karia. Zilifaa tambarare za Mombo, Korogwe na Muheza. Milimani, baiskeli nzito isiyo na gia ilisukumwa kwa mkono wakati wa kupanda. Baiskeli ya milimani, yenye matairi manene na gia nyingi, iliyobuniwa California miaka ya 1970, ndiyo iliyoifanya safari ya Lushoto hadi Mtae iwezekane kwa mtalii wa kawaida.

Waongozaji wa Lushoto walitumia njia zilizokuwepo: njia za gulio, za shule na za msitu. Kutoka mjini barabara hupanda hadi Magamba, huingia kwenye kivuli cha msitu wa mikulo, kisha hutokeza Malindi na Lukozi penye mashamba ya kabichi, karoti na viazi. Mwisho wake ni Mtae, kwenye ukingo wa mlima, ambapo nyika ya Mkomazi huonekana chini.

Kushuka kuelekea pwani huanza Soni. Barabara ya Lushoto hadi Mombo ina urefu wa kilomita 33 hivi, na mwinuko hupungua kwa karibu mita 1,000. Kona zimebana, upande mmoja jabali na mwingine korongo. Mwendeshaji hushika breki kidogo kidogo na kuachia, kwa sababu akiishikilia muda mrefu rimu hupata moto na tyubu inaweza kupasuka. Malori yenye shehena ya mboga hupiga honi kabla ya kona. Hewa hubadilika ngozini: baridi ya Soni inaisha, na Mombo joto hupokea.

Mombo, Korogwe na Muheza zina mafundi baiskeli chini ya miembe. Fundi hutoa tyubu, huijaza upepo na kuizamisha kwenye beseni la maji. Povu likitoka ameiona pancha. Hukwangua, hupaka gundi, hubandika kiraka. Kutoka Muheza njia mbili hugawanyika: moja hupanda Amani kupitia Zigi, kati ya iliki, mdalasini na msitu wa mvua, nyingine hukata mashamba ya mkonge hadi Pangani, mji wa nyumba za mawe mdomoni mwa mto.

Kinachoiweka njia hai

Safari hizi hutegemea misitu. Katika miaka ya 1970 na 1980 ukataji wa magogo uliijeruhi Usambara Mashariki, na hifadhi ya Amani ikatangazwa mwaka 1997. Upande wa Lushoto, mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo ulioanza mwaka 1981 ulihimiza matuta na upandaji wa miti. Faida ya kazi hiyo haiwafikii wageni peke yao. Mto Zigi hutoka kwenye misitu ya Amani na kulijaza Bwawa la Mabayani, linaloipatia Tanga maji. Kwa hiyo kodi ya hifadhi, ujira wa mwongozaji wa kijijini na chakula kinachonunuliwa gulioni vinapaswa kuwafikia watu wa milimani, kwa kuwa wao ndio walinzi wa msitu. Msitu wa Usambara ukikatwa, mtalii atatafuta njia nyingine, lakini mkazi wa Tanga hatakuwa na mto mwingine wa kuchotea.