Kaboni ardhini: kwa nini majani ya mkorosho yasichomwe

Wapo wasikilizaji wetu wa Newala na Masasi waliosikia kwamba vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vinapata fedha za kaboni. Wanauliza: je, shamba la korosho na mihogo la Chilangala nalo haliwezi kulipwa? Katika makala haya tunaeleza jinsi kaboni inavyokaa kwenye udongo, na ni faida gani hasa mkulima aitegemee.

Kaboni huingiaje ardhini?

Mmea huvuta hewa ukaa na kuitumia kujenga shina, mizizi na majani. Majani yakipukutika na mizizi ikifa, wadudu na vijidudu wa udongoni huvila. Sehemu kubwa ya kaboni hurudi hewani. Sehemu ndogo hubaki kuwa mboji, ile inayoupa udongo rangi nyeusi. Duniani kote, udongo hadi kina cha mita moja una kaboni inayokaribia mara mbili ya ile iliyoko angani. Ndiyo maana mwaka 2015, kwenye mkutano wa tabianchi wa Paris, Ufaransa ilizindua mpango uitwao "4 kwa 1000" wa kuhimiza nchi ziongeze kaboni kwenye udongo.

Udongo wetu una nini?

Juu ya uwanda wa Makonde, udongo mwingi ni wa kichanga. Mvua huzama upesi, na kwa miaka mingi akina mama wameteremka mabondeni kufuata maji. Kichanga hakishiki mboji kama mfinyanzi. Hujaa polepole na kupoteza haraka. Lakini ni hapo hapo mboji inapohitajika zaidi, maana ndiyo inayoshika unyevu na chakula cha mmea.

Kuna pia suala la salfa. Unga tunaopuliza kuzuia ubwiriunga ukianguka ardhini hugeuka kuwa tindikali. Udongo wenye mboji huhimili tindikali hiyo vizuri kuliko kichanga kitupu.

Kwa kuwa mifugo ni michache na samadi ni haba, majani ya mikorosho, mabua ya mtama na mabaki ya mbaazi ndiyo mbolea iliyo karibu. Yakichomwa, kaboni iliyokusanywa msimu mzima hurudi hewani siku hiyo hiyo, na naitrojeni huondoka na moshi. Majivu yanayobaki huchukuliwa na mvua za kwanza.

Mkulima afanye nini?

Tunaelewa kwa nini watu husafisha chini ya mikorosho: korosho zikidondoka zionekane. Usafi huo hauhitaji moto. Kusanya majani, yapeleke katikati ya mistari yawe matandazo, au yafukie kwenye shimo pamoja na majivu ya jikoni na samadi kidogo. Matawi yenye ugonjwa ni jambo jingine. Hayo fuata maelekezo ya afisa ugani. Panda mbaazi kati ya mihogo au mahindi: mizizi yake hushuka chini, majani yake huanguka shambani, na huongeza naitrojeni.

Na fedha je?

Tupige hesabu. Udongo wa juu wa hekta moja, kina cha sentimita 20, una uzito wa tani 3,000 hivi. Kaboni ikipanda kutoka asilimia 0.5 hadi 0.6, hiyo ni nyongeza ya tani 3 za kaboni, sawa na tani 11 za hewa ukaa. Kwa ekari ni kama tani 4 na nusu. Ikichukua miaka 10, ekari moja inahifadhi chini ya nusu tani kwa mwaka. Katavi wanalipwa kwa kulinda msitu mkubwa uliokwisha kusimama. Shamba linaanza karibu na sifuri, na moto mmoja unaweza kurudisha nyuma kazi ya miaka.

Malipo ya udongo yapo, ila huenda kwa vikundi vikubwa. Magharibi mwa Kenya, mradi wa shirika la Vi Agroforestry na Benki ya Dunia uliwakusanya maelfu ya wakulima wadogo, na mwaka 2014 ulipata hati za kwanza za kaboni kutokana na kilimo chao.

Hapa Tanzania, biashara hii inaongozwa na kanuni za mwaka 2022, na miradi husajiliwa. Kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni, NCMC, kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Akija mtu kijijini na mkataba wa kaboni, aulizwe kama mradi umesajiliwa, mkataba ni wa miaka mingapi, na mkulima atapata fungu gani. Mkataba usomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla ya yeyote kutia saini.

Hata mkataba usipokuja, majani yaliyoachwa shambani hayapotei. Mwaka wa mvua haba, mihogo iliyo kwenye udongo wenye mboji huchelewa kunyauka, na hilo halisubiri mnunuzi.