Mpelelezi wa hadithi za picha (Kongo na Afrika Mashariki)

Mpelelezi wa hadithi za picha ni stelingi wa visa vya uhalifu vinavyosimuliwa kwa michoro, au kwa picha za kamera zilizopangwa kisanduku baada ya kisanduku. Katika Afrika Mashariki aliyevuma kupita wote ni Lance Spearman, ambaye wasomaji walimwita Spear tu. Visa vyake vilitoka katika gazeti la African Film kuanzia 1968 hadi 1972. Upande wa Kongo hadithi za picha zilishika njia nyingine, kupitia Kinshasa na Lubumbashi, na huko mpelelezi alichelewa kufika.

Chimbuko la aina hii ni magazeti ya bei nafuu ya Marekani. Detective Comics lilianza 1937 likiwa gazeti la wapelelezi wa kawaida, na katika toleo lake la 27, mwaka 1939, ndipo alipozaliwa Batman, kazi ya Bob Kane na Bill Finger. Kisa chake cha kwanza hakina jini wala mtu anayeruka angani. Tajiri wa kampuni ya kemikali ameuawa, washirika wake wanaanza kuandamwa mmoja mmoja, na Batman anagundua kwamba muuaji ni mmoja wao, anayetaka kampuni iwe yake peke yake. Silaha za shujaa huyo ni akili, ngumi na kinyago, na wapelelezi wengi waliomfuata, wakiwemo wa Afrika, walijengwa kwa udongo huohuo.

Kongo iliingia mapema katika hadithi hizi, lakini kama uwanja wa kuchezea wengine. Tintin au Congo ya Hergé ilichapishwa Ubelgiji kati ya 1930 na 1931, na chini ya uwindaji na vichekesho vyake kuna kisa cha upelelezi: genge la Al Capone limetuma watu wake wanyakue biashara ya almasi ya Kongo. Anayefumbua fumbo ni kijana Mbelgiji. Coco, mtoto wa Kikongo aliyeajiriwa naye, kazi yake ni kutumikia na kuogopa. Mgawanyo huo wa kazi, mmoja akifikiri na mwingine akibeba mizigo, ndio kipimo bora cha kuwapima mashujaa waliokuja baadaye. Ukifungua katuni yoyote ya zamani, angalia ni nani anayeruhusiwa kuwaza.

Kwa kipimo hicho, Spear aligeuza meza. Alikuwa kazi ya kampuni ya Jim Bailey, mwenye gazeti la Drum, na aliigizwa na Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani na mpiga piano kabla ya kupewa nafasi hiyo. Hakuchorwa. Alipigwa picha, na picha zikapangwa kurasani kwa rangi nyeusi na nyeupe, maneno yakiwekwa juu yake. Kofia ya panama, tai ya kipepeo, ndevu fupi za kidevuni, sigara nene mdomoni, whisky mkononi na gari la Corvette Stingray nje: kila kitu kilionekana hasa, kimevaliwa na mtu mweusi mwenye uso wake mwenyewe. Hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya gazeti lile. Mchoro humwomba msomaji aamini. Picha ya kamera ilimwonyesha mtu ambaye angeweza kupishana naye barabarani.

Mwendo wa visa haukubadilika sana. Kapteni Victor wa polisi anaishiwa mbinu na kumwita Spear. Sonia, msaidizi wa Spear, na kijana Lemmy wanaingia kazini, mara nyingi mmoja wao anatekwa, na mbio zinaanza. Maadui walikuwa wa kikatuni kabisa: Rabon Zollo, Countess Scarlett na madaktari wendawazimu wenye mipango ya kuitawala dunia. Kwa hiyo upelelezi wenyewe, ule wa kupima ushahidi na kuunganisha dalili, ulikuwa mwembamba kuliko wa Batman wa kwanza; fumbo lilifumbuliwa kwa ngumi mara nyingi kuliko kwa hoja. Ni upungufu wa kweli, na anayezisoma hadithi hizo leo atauona upesi. Lakini hakuna anayeshangaa katika hadithi kwamba mkuu wa upelelezi ni Mwafrika, wala hakuna mzungu anayehitajika kumwidhinisha. Mji hautajwi jina, kwa hiyo msomaji wa Nairobi na wa Lagos wote waliweza kuuchukua kuwa wao. Ukimya huo ulikuwa na faida nyingine kwa mwenye gazeti: mataifa huru ya wakati ule yalikuwa yakiisusia Afrika Kusini ya ubaguzi, nako ndiko kazi hii ilikotoka. Kampuni hiyohiyo ilitoa pia Boom, gazeti la Fearless Fang, shujaa wa porini kwa mfano wa Tarzan. Spear alimpita kwa mbali kwa sababu alikuwa mtu wa mjini.

Upande wa Kongo, mkoa wa Katanga nao ulikuwa na gazeti lake. Lubumbashi, mji wa shaba, ulisoma Mwana Shaba, gazeti la kampuni ya madini lililoanzishwa enzi za Union Minière na kuendelea chini ya Gécamines. Toleo lake la watoto, Mwana Shaba Junior, ndilo lililomleta Mayele, shujaa wa katuni aliyekua pamoja na watoto wa wafanyakazi. Gazeti la kampuni lina mipaka yake, na mhalifu wa kweli hakuwa na nafasi kubwa humo. Lugha nayo ilikuwa kizingiti. Kuanzia Lubumbashi hadi Kilwa, bandari ya Ziwa Mweru katika eneo la Pweto, Kiswahili ni lugha ya soko na ya nyumbani, ilhali hadithi za picha za Kongo zilichapwa zaidi kwa Kifaransa.

Kinshasa ilikuwa na Jeunes pour Jeunes, gazeti la vijana la miaka ya 1960 lililoanzishwa na Achille Ngoye na Freddy Mulongo. Mashujaa wake, Apolosa na Sinatra, walizungumza Hindubill, lugha ya vijana wa mitaani. Ngoye baadaye alihamia Ufaransa, na 1996 riwaya yake ya upelelezi Agence Black Bafoussa ikatoka katika Série noire ya Gallimard, akiwa mwandishi wa kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kuingia katika mfululizo huo.

Tanzania ilifika kwa njia ya riwaya kwanza. Faraji Katalambula aliandika Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha akachapisha Film Tanzania, gazeti la hadithi za picha kwa Kiswahili. Sani, la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, lilielekea zaidi kwenye vichekesho. Mrithi halisi wa Spear ni Willy Gamba wa Elvis Musiba, ingawa hakuwa wa picha. Katika riwaya ya Kikosi cha Kisasi anapelekwa Kinshasa, na hapo kwa mara moja Kiswahili kikapata mpelelezi wake ndani ya Kongo.

Magazeti haya yalichapwa kwa karatasi duni, yakapita mikono mingi na kuishia kufungia karanga sokoni. Mwenye nakala za African Film, Jeunes pour Jeunes au Mwana Shaba Junior ndani ya sanduku la wazee, iwe Lubumbashi, Kilwa au Dar es Salaam, asizitupe: azipeleke chuo kikuu au maktaba iliyo karibu naye zihifadhiwe.